Ng'ombe Niliyemuuza Bila Kuuliza

Baba yangu alianza kusahau majina yetu kabla hajasahau kufunga vifungo vya shati. Mimi, binti yake wa kwanza, aliniita "mayu", mama, kama anavyoitwa mwanamke yeyote kwetu, na sikujua tena kama ananitambua. Nilihama Ngokolo, mjini, nikarudi nyumbani kijijini, karibu na Masumbwe, kumtunza.

Kilichonipeleka mahakamani ni wino. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta kidole gumba chake cheusi. Mtu mmoja mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu alikuwa amekuja na karatasi za kuuziwa shamba, na bahati nzuri jirani alimnyang'anya akazichana. Nikapeleka maombi niteuliwe kusimamia mali za baba, niamue yote peke yangu: ng'ombe, ardhi, hata matibabu. Nilijiona mkombozi. Nani angebisha?

Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia baba shikamoo, akaitikiwa vizuri, kisha akamuuliza huu ni mwaka gani. Baba akatabasamu tu. Ana ng'ombe wangapi? Baba akageuzia uso dirishani.

"Sijui," alisema.

Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba nasema, mmejionea wenyewe.

Karani wa mahakama, Msukuma mwenzetu wa makamo, aliomba kusema. "Mheshimiwa, mzee wa kwetu hahesabu ng'ombe wake mbele za watu. Ni kuwaitia balaa. Hata mwenye akili zake zote angekujibu hivyo hivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekulia zizini, jambo hilo nalijua tangu utoto, na nilinyamaza kwa sababu jibu lile lilinifaa.

"Basi tutakwenda kwake," hakimu alisema, "jioni ng'ombe wakirudi."

Akaja kweli, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya zizi. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda langoni mwa zizi. Ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, naye akawagusa ubavuni akiwataja kwa Kisukuma, rangi zao na mama zao: huyu wa ukoo wa yule aliyekuja kwa mahari, huyu alizaliwa wakati wa njaa. Mtu ambaye asubuhi ile alitaka kuvaa koti miguuni! Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miezi yote hiyo nikidhani ameondoka.

Wa mwisho alipoingia, baba alikataa lango kufungwa.

"Bado mmoja. Mwekundu, ana baka jeupe begani. Yuko wapi?"

Hakuna aliyejua ila mimi. Nilimuuza mwezi uliotangulia ili nimpeleke baba kwa daktari, wala sikumwambia. Niliona ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Nikakiri mbele ya wote.

Hakimu akachuchumaa. "Mzee, binti huyu angekuomba amuuze ng'ombe huyo ili utibiwe, ungekataa?"

Baba alinigeukia.

"Nisingekataa," alisema. "Lakini angeniuliza."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Karatasi, benki na watu wa karasha ni juu yangu, na shamba haliuzwi bila idhini ya mahakama. Lakini kuhusu ng'ombe, nyumba na mwili wake, lazima kwanza nimuulize mwenyewe, pale langoni, majirani wawili wakisikia, na asemalo liandikwe. Niliusoma mara tatu nimesimama. Sikujua kwamba sheria inaweza kumngoja mtu kiasi hicho.

Jana nilimuuliza kama tumuuze fahali mzee. Akaniuliza natokea kijiji gani, mayu. Nikamjibu, kisha nikarudia swali. Alifikiri mpaka ng'ombe wote wakaingia.

"Ngoja mvua zianze," alisema.

Jirani akaandika. Nikafunga lango, na sasa tunangoja mvua.