Mbili ya Kutupwa

Mashabiki walimwita Gogo, kwa kuwa aliacha apigwe hadi mpigaji achoke, ndipo naye aanze. Dada yake, mwalimu wa hisabati aliyemlea tangu walipofiwa na wazazi, hakulipenda jina hilo. Alimwekea sharti, apate kujua kama kichwa bado kizima: kila baada ya pambano atategua mlinganyo uleule aliomfundisha utotoni. Majibu yake yalikuwa mawili, na moja, yaani mbili, lilikuwa la kutupwa, kwani sini ya pembe yoyote haizidi moja.

"Siku utakayosahau kuitupa mbili," alimwambia, "ngumi basi."

Kama sharti lile lilikuwa upendo au ukatili, huenda hata dada mwenyewe hakujua.

Jumamosi ile mpinzani alimpasua nyusi raundi ya pili. Ya nne, konde la kidevu lilimng'atisha ulimi, damu ikaruka mpaka kwenye shati la refa. Ya sita, Gogo alimbana kwenye kamba akamtwanga mbavu mpaka zikalia kama kuni kavu. Alishinda.

Katika chumba cha mabondia, Gogo akiwa bado na bendeji mikononi, dada alimkandamiza nyusi kwa pamba.

"Kosini ya mraba mara mbili, jumlisha sini mara tatu, ni sifuri. Haya, mdogo wangu."

"Unanionea, dada. Mshindi hupewa maji kwanza."

"Maji hayakimbii. Tegua."

Alitema damu. Kosini ya mraba ni moja kutoa sini ya mraba. Akaipachika, akageuza alama, ukabaki mlinganyo wa kipeo cha pili. Kanuni yake ikaja yenyewe, kama ngumi ya mazoea: tatu, jumlisha au toa tano, gawanya kwa nne.

"Mbili, au nusu hasi."

"Nusu hasi?"

"Mia mbili na kumi. Mia tatu thelathini."

"Na mbili?"

Akaitafuta pembe yake. Aliiona kabisa, nyuma ya taa, ikimkwepa.

"Ipo. Mia nne na kitu. Ngoja."

Mkono wenye pamba ulisita.

"Nimesema ipo." Akalipiga kabati konde, bati likabonyea; akalipiga tena, na tena, hadi bendeji zikalowa damu mbichi.

Dada alichukua mkasi.

"Lete mkono wa kushoto."

Akampa. Ukafunguliwa bendeji.

"Wa kulia."

Akampa wa kushoto tena.