Lori Lililogeuka Ubaoni

Baba yetu, dereva wa lori, alivuka mpaka hapa Malaba kwenda Kampala, hakurudi. Nikatafuta ubao nimtengenezee mama picha ya siku ile alipoondoka. Kushoto nilibandika picha yetu ya studio. Kulia nilipaka nta ya mshumaa, nikalaza kifudifudi picha ya lori niliyoikata gazetini, nikaisugua kwa kijiko mpaka mkono ukaniuma, ili wino uhamie ubaoni. Nilitaka lori linaloelekea kulia, linalotuacha. Nilipobandua karatasi, mjinga mimi, lilikuwa limegeuka kama kwenye kioo, linatujia! Nikapaka vanishi kwa hasira. Kabla haijakauka, vumbi la barabarani likanata kote. Basi! Nikaubeba ubao nikautie motoni. Mama akaninyang'anya.

"Wacha wewe. Hili angalau linarudi."