Anayehitajika Mmoja, Aliyepo Mmoja

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Dokta Edmund Chengula alikata tiketi ya basi la Mbeya kwenda Iringa, na kila mara aliomba kiti cha karibu na mlango. Wakata tiketi walidhani anaumwa magoti. Ukweli ni kwamba hakuwa na uhakika wa kufika. Simu ya hospitali ikilia kabla ya Makambako, alishuka, akavuka barabara na kusimamisha basi la kurudi. Ikilia baada ya hapo, alimpigia kwanza mkewe, kisha akashuka Mafinga. Katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa wa mkewe alisafiri mara ishirini na nne. Alifika Iringa mara kumi na moja. Nafahamu hivyo kwa sababu ruhusa zake za kutoka nje ya kituo zilipita kwangu masjala, na taarifa za kurudi kabla ya siku pia.

Yeye ni daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, na kwa mikoa yetu yote ya huku juu yuko peke yake. Mgonjwa wa kisukari ambaye mguu umeanza kuwa mweusi anamsubiri yeye. Mgonjwa wa figo anayetakiwa kuunganishwa mishipa ya mkono ili asafishwe damu anamsubiri yeye. Dereva aliyebanwa na lori pale Uyole, paja limepasuka, hamsubiri mtu, kwa hiyo Dokta ndiye anayekimbia.

Alizaliwa Mlandege, Iringa mjini. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Husema kwamba kazi yake aliianza akiwa na miaka saba, akizamisha tyubu kwenye beseni la maji na kutafuta povu linatokea wapi. Ni mtu mrefu, mpole, anayesalimia walinzi kwa majina. Hajawahi kutupa kalamu iliyokwisha wino bila kujaribu kwanza kuipulizia.

Mkewe, Faustina, alifundisha shule ya msingi hadi alipopatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Anahudumiwa na mdogo wake, Lusia. Dokta alitaka kumhamishia Mbeya tangu wiki ya kwanza, Faustina akakataa. Nyumba ya Mlandege aliisimamia mwenyewe, tofali kwa tofali, mume akiwa masomoni. Ana mipichi mitatu uani, ana kanisa lake hatua mia mbili kutoka mlangoni, ana akina mama wa kwaya wanaokuja kumsuka nywele. Alimwambia mumewe, "Nyumba hii nimeijenga nikiwa na mikono miwili. Siihami nikiwa na mmoja. Wewe ndiye uje."

Basi Dokta akaomba uhamisho. Hospitali ya Iringa ingemfaa, wagonjwa wapo. Barua ikajibiwa kwamba ombi halikukubaliwa kwa kuwa kituo hakina mbadala wake. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na sita. Daktari bingwa serikalini anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika sitini. Kuacha kazi kabla ya hapo kungempotezea mafao, lakini sidhani kama mafao ndiyo yaliyomzuia. Aliniambia kwamba akipanga kuacha, anaanza kuhesabu miguu itakayokatwa.

Watumishi wa umma huku kwetu wana njia yao wakikataliwa uhamisho. Unatafuta mtu wa kada yako, aliye kule unakotaka kwenda, anayetaka kuja uliko. Mnaandika barua mbili zinazofanana, mnabadilishana vituo. Ubao wa nje ya kantini yetu umejaa vikaratasi vya namna hiyo: muuguzi wa Mbeya anatafuta wa Njombe, mtu wa maabara anatafuta wa Songea. Asubuhi moja tukakuta karatasi mpya, mwandiko wa Dokta Chengula, umenyooka kama wa mwalimu: Daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, Mbeya, anatafuta wa kubadilishana naye kutoka Iringa.

Sista Atuganile, mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, aliisoma kwa sauti huku ameshika kikombe cha chai.

"Dokta, Iringa hakuna wa kada yako hata mmoja. Utabadilishana na nani, na mnara wa simu?"

"Nimeweka tu, Sista. Ubao ni wa watumishi wote."

"Basi na mimi naweka langu. Mke wa Mbeya anatafuta wa kubadilishana naye mume. Awe anaosha vyombo."

"Huyo naye hana mbadala," Dokta akasema, na kantini nzima ikacheka. Karatasi yake haikuondolewa.

Mtu aliipiga picha, ikasambaa kwenye makundi ya simu. Baada ya wiki tatu akaja binti mmoja amevaa sweta la kijani, akauliza ofisi ya Dokta Chengula. Alikuwa Goodness Mwasomola, wa hapa hapa Uyole, mama yake anauza viazi sokoni. Amesomea mishipa ya damu, kwa ufadhili, nje ya nchi, miaka yote inayotakiwa.

"Unatoka hospitali gani?" Dokta akamuuliza. Alikuwa amesimama, wala hakumkaribisha kiti, kwa jinsi alivyoshtuka.

"Sitoki popote, Dokta. Sina kituo cha kubadilishana. Sina ajira. Mwaka na nusu sasa naomba."

Dokta alikuja naye masjala moja kwa moja.

"Mama Brayson, hospitali hii inanikatalia kuondoka kwa sababu hakuna mwingine. Huyu hapa mwingine. Kwa nini hajaajiriwa?"

Nilitoa jalada la ikama. Hiyo ndiyo fomu tunayojaza kila mwaka kabla ya bajeti, kada moja mstari mmoja: wanaohitajika, waliopo, upungufu. Bila upungufu hakuna kibali cha kuajiri. Mstari wa mishipa ya damu ulisema: anayehitajika mmoja, aliyepo mmoja, upungufu sifuri. Mwaka huo, na mwaka uliotangulia, na mingine sita nyuma yake.

"Nani ameandika kwamba anahitajika mmoja?"

Nikamwonyesha sahihi. Ilikuwa yake.

Aliipitishia kidole. Na mimi nililazimika kusema, kwa sababu nilikuwa nakumbuka siku yenyewe. Fomu yenye upungufu mkubwa ilikuwa inarudishwa na hoja: eleza, thibitisha, ambatisha. Kwa hiyo wakuu wa idara wote walizoea kuandika idadi ya waliopo mahali pa wanaohitajika, fomu ipite. Dokta alikuwa mgeni, akataka kuandika watatu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Andika uliyepo, Dokta, twende tukalale." Akacheka, akaandika.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi siwezi kuondoka kwa kuwa yeye hayupo. Na yeye hawezi kuja kwa kuwa mimi nipo."

"Kwenye karatasi ndivyo ilivyo."

Goodness alikuwa ameinamia fomu. "Mwandiko wako mzuri, Dokta," akasema.

Mwaka huo tuliandika watatu. Fomu ilirudi na hoja. Nilikaa na rejista za upasuaji wiki mbili, nikahesabu waliosubiri, waliopewa rufaa ya Dar es Salaam, waliokatwa miguu wakati wa kusubiri. Tukaambatisha. Ikarudi tena: eleza umri wa aliyepo. Tukaeleza.

Goodness hakusubiri nyumbani. Aliomba kujitolea, bila mshahara, akipewa nauli na chakula cha mchana. Kwa miezi kumi hospitali yetu ilikuwa na wapasuaji wawili wa mishipa, ingawa kwenye fomu alikuwa mmoja. Sista Atuganile alisema binti ana mkono mwepesi kuliko wa mzee, ila mzee asiambiwe. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. "Ameshaambiwa," akasema.

Katika miezi hiyo alifika Iringa kila alipopanda basi. Alirudi na mapichi kwenye mfuko wa rambo, akagawa wodini. Aliniambia Faustina ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kulia. Lakini aliendelea kukata kiti cha karibu na mlango. Nilipomuuliza, alisema ameshakizoea.

Mwezi wa kumi na moja wa kujitolea kwake, Goodness aliingia ofisini kwake na barua. Amepata kazi nje ya nchi, mkataba wa miaka mitano, wanahitaji barua ya mtu aliyefanya naye kazi. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa pale na kitabu cha kupokelea barua.

"Mama amechoka kubeba magunia, Dokta. Na mimi nina miaka thelathini na sita."

"Kibali kinaweza kuja mwaka huu."

"Kinaweza."

 Kisha Dokta akavuta karatasi.

"Wanataka kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, Dokta."

Aliandika ukurasa na nusu kwa mkono, akanipa nichape. Nimechapa barua nyingi za kusifu watumishi, na najua namna mtu anavyosifu kidogo ili asimpoteze mtu wake. Hii haikuwa hivyo. Aliandika kila kitu. Aliandika hata kwamba kuna upasuaji mmoja ambao yeye mwenyewe anapendelea ufanywe na Goodness.

Wiki nane baada ya Goodness kuondoka kibali kilitoka. Nafasi mbili. Zilitangazwa mara mbili, hakuna aliyeomba. Wachache waliopo nchini wana kazi zao mjini, na vijana wanaosoma bado hawajamaliza. Dokta akaandika tena kuomba uhamisho, na nadhani aliandika kwa kutimiza tu. Jibu lilikuwa fupi kuliko la kwanza: haiwezekani, kwa kuwa kada yake sasa ina upungufu wa watumishi wawili. Alilisoma amesimama kwenye kaunta yangu, akalikunja, akaenda wodini. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Sitini ilikuwa karibu, lakini tulishaanza kusikia wakubwa wakisema ataombwa aendelee hadi sitini na tano, na sote tulijua hajui kukataa.

Safari iliyofuata alishuka Makambako. Iliyofuata hiyo, Mafinga.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, mlinzi alinipigia kwamba kuna mama getini anamtafuta Dokta Chengula. Nilikuta mwanamke mnene amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, fimbo mkononi. Pembeni, Lusia alikuwa analinda masanduku mawili na kapu lenye mche wa mpichi uliofungwa gunia mizizini.

"Kamwene," Faustina akanisalimia. "Wewe ndiye Mama Brayson unayemwandikia ruhusa?"

"Ndiye mimi, mwalimu. Dokta yuko chumba cha upasuaji. Hajui kama unakuja?"

"Ningemwambia angekuja kunichukua, akashushwa njiani."

Nyumba ya Mlandege ameipangisha kwa mwalimu mwenzake. Funguo amekabidhi juzi. Alinieleza hayo bila kulia, akiuliza katikati kama udongo wa Mbeya unakubali mapichi. Nikamwambia unakubali. Alikaa masjala kwangu hadi saa kumi jioni, akisoma migongo ya majalada.

Dokta alipotoka, bado alikuwa amevaa kofia ya upasuaji. Alisimama mlangoni, akatazama godoro, akamtazama mkewe.

"Nilitaka kuja mimi," akasema.

"Umetafuta wa kubadilishana naye miaka mitatu, Edmund. Nimejileta."

"Huwezi kubadilishana na mtu asiyeondoka, Faustina."

"Najua," akasema, akamnyooshea mkono wa kulia amsaidie kuinuka.

Tulibeba mizigo hadi nyumba za watumishi. Kapu la mche alilibeba Dokta mwenyewe, na tulikuwa hatujafika ngazini simu yake ikalia. Akaliweka kapu chini taratibu, akaangalia mizizi isimwagike udongo, ndipo akapokea.