Nilikunywa Maziwa Yake, Nikaandika "Anajiweza"

Kosa ni langu. Si la pasta, si la kamati, ni langu mimi niliyeshika kalamu. Nimechoka kuambiwa, "Dada, usijilaumu, ulikuwa unafanya kazi ya Mungu." Kazi gani ya Mungu ile!

Mimi ni karani hapa Eldoret, naishi Munyaka, kwetu ni upande wa ziwa. Kanisa letu liliamua kusaidia familia maskini katika kijiji kimoja huko ndani, ukipita Kesses. Tungewalipia watoto wachache karo ya sekondari, miaka yote. Mimi nikapewa fomu nizunguke nyumba kwa nyumba na wenzangu wawili wa kanisa. Jamani, nilivyojiona! Nilivaa tisheti ya kanisa nikatembea kama chifu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane, Mama Chebet. Binti yake, Chebet, alikuwa ameitwa kidato cha kwanza. Nilikuta ua umefagiwa, kuta zimesiribwa upya, na mama mwenyewe amevaa nguo yake ya Jumapili. Akatukaribisha kwa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, vikombe vimejaa hadi juu. Nilikunywa viwili, nikaongezwa cha tatu!

Kisha pale pa kuandika hali ya familia nikaandika neno moja: "Anajiweza." Nilijiambia mwenye maziwa ana ng'ombe, na mwenye ng'ombe asitusumbue. Sikumuuliza lolote. Lo, upumbavu huo!

Chebet akakatwa. Nafasi yake ikaenda kwa mzee mmoja aliyetupokea na shati lililoraruka, kumbe ana nyumba za kukodisha wanafunzi pale Kesses!

Shule zilipofunguliwa tulirudi kijijini na blanketi. Mama Chebet alikuwa ananingoja barabarani. Hakunisalimia.

"Ni wewe uliandika mimi najiweza?"

"Mama, tuliona uko na maziwa..."

"Maziwa ya jirani! Niliomba juu nilisikia watu wa Mungu wanakuja. Kwetu mgeni hawezi toka kwa nyumba na mdomo kavu. Sasa wewe umekunywa, umepanguza mdomo, umeenda kufungia mtoto wangu shule!"

"Pole sana, Mama."

"Pole peleka kwa kanisa yenu. Na hizo blanketi pia."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakageuka wakaenda zao. Hakuna aliyechukua hata blanketi moja. Tulirudi nazo zote mjini, na kwa gari hakuna aliyeniangalia.

Nilienda kwa pasta kumwomba amrudishe yule msichana. "Orodha imefungwa, dada. Tumwombee." Nilimpigia kelele mbele ya wazee wa kanisa, na nikahama kanisa siku hiyo. Wenzangu wa kwaya wakiniona sokoni wanajifanya wanachagua nyanya. Wachague tu! Nilimtumia mama ujumbe kwamba nitamlipia Chebet mimi mwenyewe. Akajibu kwamba hataki kitu kutoka mkono wangu.

Nyinyi mnaozunguka vijijini na makaratasi yenu, nawasihi, ulizeni! Mtu akikuheshimu, usimwadhibu kwa heshima yake. Mimi nilijifanya najua kila kitu. Leo Chebet anapalilia mahindi ya watu, na wenzake wakipita na yunifomu anainama chini zaidi ili wasimwone.