Fahali Waliofutwa Siku ya Sabato

Mimi na rafiki yangu tulikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, tukatengeneza tovuti ya chama cha wafugaji wa Nyansiongo. Kila ng'ombe aliandikwa humo: mmiliki wake, siku aliyopandishwa, na fahali aliyetoa mbegu. Bila jina la fahali, mtamba anaweza kupandishwa kwa mbegu ya baba yake.

Tulikuwa na sheria moja: hakuna kugusa hifadhidata, ghala la taarifa zote, kwa mkono. Kila badiliko liandikwe kwenye faili lake, tuliloliita migresheni, lipewe namba, lijaribiwe kwenye nakala, na historia ionyeshe nani kaliandika. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, tulipokuwa tukitumia kompyuta moja kwa zamu chuoni.

Ijumaa kabla jua halijazama niliingiza migresheni yangu, nikaona inafanya kazi, nikazima simu. Mimi ni Msabato. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote nje ya nyumba yetu.

Jumapili asubuhi meneja wa chama, mama mmoja mpole, alinipigia. "Kijana wangu, fahali wamepotea. Wote."

Nilikimbia ofisini nikamkuta rafiki yangu. Nilipekua kazi yangu mstari kwa mstari nikitafuta kosa, naye ameketi kando yangu. Aliniletea chai na viazi vitamu.

"Usijali, kila mtu hukosea," aliniambia. Nikamshukuru.

Mchana nilifungua kumbukumbu za seva, zinazoonyesha kila amri na aliyeitoa. Safu yenye majina ya fahali ilifutwa Jumamosi, mimi nikiwa kanisani, kwa amri iliyotoka kwenye akaunti ya rafiki yangu. Hapakuwa na migresheni wala namba.

Nilimgeuzia skrini. Alisoma polepole.

"Meneja alitaka safu ile ibadilishwe jina haraka," alisema. "Nikakosea."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

Alitazama dirishani. "Nilishamwambia meneja ni kosa lako la Ijumaa. Ulikuwa umezima simu."

Kesho yake nilikwenda Nyansiongo nikamweleza meneja ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa anakuonea huruma," alisema. "Aliniomba nisikukaripie, eti una mambo mengi nyumbani. Mimi nataka fahali wangu. Nani atawarudisha?"

Nikasema mimi. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani kidogo, kwa hiyo waliopandishwa baadaye niliwafuata boma kwa boma nikiuliza wenyewe. Wengine walikumbuka. Mzee mmoja hakukumbuka, akaona afadhali amuuze mtamba wake mzuri mwenye mimba kuliko kubahatisha baba wa ndama. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Rafiki yangu alihamisha meza yake kutoka ofisini mimi nikiwa huko. Tukikutana mjini hunisalimu vizuri, nami huitikia. Mama yangu bado huniuliza kwa nini haji tena kula kwetu.