Aliyekuja Kupiga Chupa

Hili ninalowaambia lilitokea, tena mchana, mvua ikinyesha na watu wakinunua mbegu za viazi kwenye duka lililo chini ya studio yangu. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtanitafutia visingizio: usingizi, njaa, pombe. Pombe sinywi. Kazi yangu ni kurekodi kwaya za kanisa hapa Nakuru, na kama kuna mtu aliyezoea kusikia mambo ya ajabu kwenye hedifoni na kujua ni waya mbovu tu, basi ni mimi. Watu wa majini na mizimu nilikuwa nawacheka waziwazi.

Aliyeniletea jambo hili alikuwa mzee mpole kabisa, Mzee Zakayo wa kule Bahati. Nyinyi vijana hamumjui. Waulizeni babu zenu. Enzi za twisti, vijana wa reli walipovaa suruali za kubana na kucheza mpaka soli zikatoboka, yeye ndiye aliyekuwa akiwachezesha kwa gitaa lake kavu, lisilo la umeme. Santuri zake zote ziliungua pamoja na nyumba wakati wa vurugu za uchaguzi, na sasa alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba wiki iliyofuata wangempasua na kuondoa kile kinachotoa sauti, la sivyo ugonjwa ungemmaliza. Kwa hiyo binti yake, Roselida, akamleta kwangu arudie nyimbo zake za zamani kabla ya kisu.

"Hata ikiwa ni moja tu, dada," Roselida aliniambia. "Nataka sauti yake ibaki pahali. Watoto wangu wamsikie."

Sasa niwaeleze kitu kuhusu nyimbo hizo. Mdundo wake ulikuwa chupa ya soda, ile ya zamani yenye mikunjo, inayokwaruzwa na kugongwa kwa msumari. Katikati ya wimbo mwimbaji humwita mpigaji kwa jina lake. "Chupa, Shem! Uko wapi, Shem?" Naye anajibu, "Niko hapa!" Kisha anaachiwa apige peke yake kidogo, watu wanapagawa, na wimbo unaendelea. Wazee watawaambia kwamba bila kuitana hivyo, huo si wimbo, ni mazoezi.

Shida ni kwamba Shem, mpigaji wa Mzee Zakayo, alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Twisti ilipopoa alienda kwenye machimbo ya Kariandusi kuchimba udongo mweupe, akaugua kifua huko, na huko huko akazikwa. Mimi nilikuwa nimetengeneza mlio wa chupa kwenye kompyuta, na nikajiona mjanja sana.

Mzee akashika gitaa, akaanza. Sauti ilikuwa imekwaruzika, inakatika katika kila mstari, nami nikamwonea huruma. Alipofika pale pa kuita, akanyamaza. Tukarudia. Akanyamaza tena palepale.

"Kuna shida, mzee?"

"Hapo namwita mtu," akasema. "Kwetu mtu akishalala humwiti hivyo, kama unamtuma dukani. Atadhani unamhitaji."

Roselida akamshika bega. "Baba, watu wanajua hiyo wimbo na hiyo jina. Ukiiruka watasema si wewe."

Mzee akalipapasa gitaa. "Na ni kweli namhitaji," akasema.

Roselida akashuka kumtafutia uji, maana ndio chakula pekee alichoweza kumeza. Nikaanzisha wimbo upya. Safari hii Mzee Zakayo alifumba macho, na alipofika pale, aliita kwa nguvu zote zilizombakia. Chupa, Shem! Uko wapi, Shem?

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume wa kama miaka thelathini, amevaa suruali ya kubana, chupa mkononi. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka magotini. Vumbi kavu, jamani, na nje mvua inamwagika! Lakini wakati huo sikuwaza. Nilidhani Roselida amepata mpigaji wa chupa mahali fulani, hata nikafurahi, nikazima chupa yangu ya kompyuta, nikamwonyesha stuli akae.

"Niko hapa," akasema, akakaa, akaanza kupiga.

Niaminini, nimerekodi wapigaji wengi, ila sijawahi kusikia chupa ikicheka namna ile. Na Mzee Zakayo! Ule mkwaruzo ulitoka kooni mwake kama umefutwa kwa kitambaa. Aliimba kwa sauti ya kijana, wimbo baada ya wimbo, bila kupumzika, bila kukosea, machozi yakimtiririka na macho bado amefumba. Ningesimamisha? Wewe ungesimamisha? Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, yule mgeni aliweka msumari chini. Ikasikika mvua tu.

"Zakayo," akaita. "Uko wapi, Zakayo?"

Hakuita kwa ukali. Aliita kama mtu aliyekaa peke yake muda mrefu mno. Hapo ndipo mzee alipofumbua macho, akamtazama, wala hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Nililitazama lile vumbi na nikaelewa ni nani aliyekaa kwenye stuli yangu. Nikavua hedifoni. Nikamwambia, "Mzee, usiitike. Tafadhali, usiitike."

Alinigeukia akatabasamu, kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Niko hapa," akamjibu mwenzake.

Yule mtu akainamisha kichwa kukubali, akainuka, akatoka. Nilikimbia mlangoni. Jengo letu lina ngazi moja tu, na katika ngazi hiyo alikuwa Roselida akipanda na thamosi ya uji.

"Umepishana na nani?" nikamuuliza.

"Nipishane na nani? Hakuna mtu."

Baba yake alifungua mdomo kumsalimu. Hakikutoka kitu. Hata ule mkwaruzo haukuwapo, pumzi tu.

Nikawasha niliyoyarekodi ili angalau nimtulize yule binti. Gitaa lilikuwapo. Chupa ilikuwapo, safi ajabu. Lakini pale palipostahili kuwa na sauti ya Mzee Zakayo palikuwa patupu, tangu majaribio ya mwanzo mpaka wimbo wa mwisho. Nimetafuta kila pembe ya kazi ile kwa kila mbinu ninayoijua. Nimepata maneno mawili tu, mwishoni kabisa: niko hapa.

Hakuifikia siku ya upasuaji. Tulimzika kwao Bahati, na Roselida akataka tucheze zile nyimbo hivyo hivyo. Wazee wa twisti walisimama na fimbo zao wakisubiri maneno yaanze. Hayakuanza. Mzee mmoja alijaribu kuimba mwenyewe, akashindwa kukumbuka.

Ningetamani kisa kiishie makaburini. Nilimweleza Roselida kila kitu nilichokiona, nikidhani ataogopa akae mbali. Kumbe nilikuwa nampa tumaini. Sasa kila akipata nafasi anapanda zile ngazi. Halii, hagombani nami. Anaomba tu nimwashie maiki, niuweke ule wimbo wa kuitana, nimwache peke yake chumbani.

"Sitaki kuimba, dada. Nataka nimwite mara moja tu."

Nimemkatalia mpaka sina maneno mapya. Kwa hiyo nawasihi nyinyi, mnaoimba na msioimba: mkifika penye jina la aliyelala, pitieni kimya. Msijidanganye kwamba mnamkumbuka tu. Aliyelala naye ana upweke wake, na akija haji kusaidia.

Jana alikuja na mtoto wake mdogo mgongoni. Nikaona nitumie la mwisho nililobakiwa nalo.

"Tuseme amekuja, Rose. Na yeye akikuita, huyu mtoto utamwachia nani?"

Alimpandisha mtoto juu kidogo mgongoni, akafunga leso vizuri. Hakukasirika hata kidogo.

"Nisimwitikie vipi," akasema, "na ni babangu?"