Papa wa Mushaki na Samaki Yenye Hakuonja

Basomaji bangu, Papa mwenye restora ya samaki pale Mushaki amekufa. Shofere wa kamio yenye inatoka Walikale njo alituletea habari, siku ya Mungu kisha misa, mbele hata azime mashini. Alisema Papa alirudia kwabo mu pori, akagonjwa siku tatu, bakamuzika. Bantu bote pale barabarani, mbele ya kulia, baliuliza: "Alikula kwa nani?" Njo sisi hivyo. Muntu akikufa kwetu, mbele ya kutafuta sanduku tunatafuta sahani. Na mimi, mwenye nilipaswa kunyamaza kuliko bote, niliuliza mara mbili, na yule shofere sikumuamini sana, juu alikuwa anasema huku anaangalia mapira ya kamio yake.

Ile restora ilikuwa nyumba ya mbao, na ndani meza moya tu, murefu. Sisi tulikaa ku benchi upande moya, bega kwa bega. Papa alisimama upande ingine, uso kwa uso na sisi, anafunga muchele na kipande ya kambare ya moshi ndani ya majani, anaisukuma mbele yako. Unafungua, unakula na mikono, ingine inafika. Mashofere, bakarani na mavesti yabo, bachungaji ba ngombe, bamama ba soko, bote benchi moya. Mbele barabara ifike, nani kwetu alikulaka chakula ya muntu mwenye hajue baba yake? Sasa tulikula ku mikono ya muntu wa pori, juu tuko na njaa na kamio inapiga honi. Lakini macho yetu yalibakia mu nyumba ya zamani. Kwetu mwenye kugawa anaonja wa kwanza, hata akiwa mama mukwe. Papa alionja muchele. Alionja pilipili. Samaki, hapana.

Mimi njo niliona. Niko na macho mubaya na kinywa ya mbio, mwalimu alinichapiaka hiyo. Siku ya soko, benchi imejaa, nikasema kwa sauti: "Papa, hii kambare ilikukosea nini? Hamusalimiane?" Benchi yote ikacheka. "Kula, kijana," akajibu. "Samaki haiulizake mambo." "Basi uiulize wewe na meno, Papa. Onja kidogo, tufurahi." Akapanguza mikono. "Nimeonja muchele." "Muchele hatuiogope, muchele tunajua baba yake!" Bakacheka tena, lakini karani moya akasukuma majani yake pole pole, hakuifungua. Kisha juma mbili, ku benchi tulibakia mimi na mbwa. Bengine banasema iko nyama ya nyoka, bengine iko dawa ya kuvuta bantu. Mi niliuliza tu. Jibu, bantu balijipikia.

Mama, bibi ya Papa, akanikuta mu shamba yetu. "Kijana, uliwasha nyumba yangu, sasa unaota moto? Restora ikifungwa tunarudia pori, na batoto bataacha masomo." Nikamuambia: "Mama, aonje tu. Anaficha nini?" Akaangalia nyuma, akasema: "Kuya siku ya soko. Na bale bako bote."

Tukaenda. Papa akafungua majani, akashika samaki, akatia mu kinywa, akatafuna anaangalia mimi tu, akameza. "Haya. Macho yenu imeshiba?" Bakapiga makofi, "Ee Papa!", na makofi yangu njo ilikuwa na nguvu sana. Bantu bakaagiza. Yeye akatoka, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamufuata, juu nilizani anaenda kutema. Hakutema. Alisimama pale na mukono ku kinywa, kama muntu mwenye ametukana mbele ya baba yake. Mama njo alinivuta pembeni. "Ukoo yabo haikulake kambare. Iko mwiko. Baba yake alimuapisha mbele ya kukufa. Na hawezi kusema, juu kiwanja ya restora iko ya misioni, na mwenye anashika mambo ya zamani banamuondoa. Sasa unajua. Utaenda kuicheka ku soko?"

Sikuicheka, na sikuisema kwa muntu. Ninaandika leo juu ile kiwanja baliirudisha kwa misioni, na Papa hakuna tena mwenye atamuondoa. Lakini musizani mambo iliisha pale. Bantu balipenda ile muchezo. Kila siku ya soko bakaomba: "Papa, onja!" Na yeye akaonja, miaka yote batoto bake balikuwa ku masomo. Sasa kule Walikale banasema kambare njo ilimuua. Huku Mushaki banasema muntu wa wivu alimutilia kitu. Mi ninashuku bote, na muntu mwenye ninamushuku sana analala mu kitanda yangu, na njo anaandika hii.

Barabara ilituweka ku benchi moya, lakini kila muntu alikuya na woga yake. Ukiogopa chakula ya muntu, iko haki yako: simama, rudia kwenu, ukule ya mama yako. Lakini usimulazimishe muntu afungue kinywa mbele ya soko, juu tu wewe uchekeshe bantu. Juu basomaji, nibaambie kweli: mi sikuwa hata na woga. Ile siku nilipouliza, nilikuwa nimekwisha kukula majani tatu, na nilikuwa ninangojea ya ine.